Bibi yetu alizaliwa mwaka gani? Wazee wa Mombasa nisaidieni

#1 MjukuuWaKibokoni
Salaam wadau. Bibi yangu, mamake babangu, alitutoka mwezi uliopita, tukamzika Kikowani. Nimetwikwa kazi ya kuandika wasifu wake mfupi, usomwe kabla ya hitima na nakala zitumiwe wajukuu walio Uingereza na Kanada, ambao baadhi yao walimjua kwa simu tu. Nimekwama mstari wa kwanza. Alizaliwa lini?

Kipande chake, yaani kitambulisho, kinasema 1 Januari 1932. Ami yangu mkubwa asema karani alimpunguzia, mama alikuwa mtu mzima zaidi ya hapo. Shangazi asema karani alimzidishia, mama hakuzaliwa kabla ya 1938. Tangu tuondoe tanga ndugu hawa wawili wanasalimiana kwa ncha ya ulimi.

Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa tarehe. Alikuwa akisema aliolewa "mwaka wa pembe", akiwa mwari wa miaka kumi na sita, na kila arusi alilirudia hilo mpaka sisi tukamalizia sentensi. Alisema alikuwa bado chuoni, akisoma Qur'ani, Sheikh Al-Amin Mazrui, kadhi mkuu, alipofariki na mwalimu akawarudisha watoto majumbani. Alikumbuka madirisha yakizibwa nguo nyeusi usiku kwa sababu ya vita. Na Ramadhani yake ya kwanza ilikuwa ya baridi na manyunyu, "kiu hatukukijua".

Kwa haya mtu atapata mwaka?

#2 KijanaWaTudor
Poleni sana, Mungu amrehemu. Naweka mkeka hapa nasubiri wajuzi.

#3 BahariaMstaafu
Pole mjukuu. Mbona rahisi? Pembe za ndovu za Barabara ya Kilindini, ambayo sasa ni Moi Avenue, zilisimamishwa 1952 kwa ajili ya Elizabeth. Toa kumi na sita, bibi ni wa 1936. Ami kakosea, shangazi kakosea, karani kakosea. Andika ulale.

#4 KaraniWaZamani
Niliwahi kukaa upande wa pili wa meza ile, kwa hivyo niwatetee makarani kidogo. Mpaka sheria ilipobadilishwa 1978, kipande kilikuwa cha wanaume. Wanawake walipoanza kusajiliwa walikuja kina mama watu wazima hawana karatasi hata moja. Ungefanyaje? Unamuuliza, mwanao wa kwanza ana miaka mingapi? Akikwambia, unaongeza kumi na minane, unapata mwaka. Siku na mwezi unaweka 1 Januari. Ndiyo maana wazee wengi wa Pwani, ukitazama vipande vyao, wote wamezaliwa siku moja. Wenzangu wengine walikuwa wakiongeza ishirini, na wengine hawakuuliza kitu, walimtazama mtu usoni wakaandika.

Kwa hivyo hiyo 1932 ni makisio ya mtu mwenye foleni ndefu na kalamu inayovuja. Mwanawe wa kwanza ni nani, huyo ami? Kazaliwa lini?

#5 MjukuuWaKibokoni
@KaraniWaZamani ndiye. Kipande chake ni 1954. Na ndiyo, 1 Januari.

#6 MsomaMagazeti
@BahariaMstaafu tusidanganyane. Elizabeth hakukanyaga Mombasa 1952. Meli yake, Gothic, ilikuwa ikimngoja hapa Kilindini, lakini babake alifariki tarehe 6 Februari yeye akiwa Treetops kule Nyeri, akarudi Uingereza kwa ndege kupitia Entebbe. Pembe zilizowekwa wakati ule zilikuwa za mbao na turubai, mapambo ya kupita. Hizi tunazozijua, za alumini, ni za 1956 alipokuja Margaret, mdogo wake. Mtu wa Mombasa akisema mwaka wa pembe anakusudia hizi zilizobaki. 1956 toa kumi na sita ni 1940. Shangazi yuko karibu na haki kuliko wote.

#7 BahariaMstaafu
Ewe msomi, bibi hakusema alimwona malkia. Alisema mwaka wa pembe. Pembe zilisimama 1952, mwenyewe awe alifika au hakufika. Watu walizitoka nje kuzitazama zikiwa bado zanuka rangi. Za pili watu walikuwa washazoea.

#8 BintiMakadara
Mimi nashika ile habari ya madirisha. Mamangu mkubwa pia alikuwa akiisimulia. Oktoba 1940 ndege za Mtaliano ziliangusha mabomu Malindi, na 1942, baada ya Mjapani kuishambulia Colombo, manowari za Mwingereza zikahamia Kilindini. Hofu ya ndege haikuwa mchezo. Sasa mtoto aliyezaliwa 1940 atakumbuka vipi? Angekuwa ndiyo kwanza anatambaa.

#9 MwanaUnguja
@BintiMakadara atakumbuka kwa kusimuliwa. Mimi nina kumbukumbu kamili za arusi ya wazazi wangu 😂

#10 MjukuuWaKibokoni
@MwanaUnguja hapana, ya bibi haikuwa ya kusimuliwa. Nguo yenyewe ilikuwa buibui kuukuu la mamake lililochanwa vipande. Mamake alikuwa na macho mabaya usiku, basi kazi ya bibi ilikuwa kutunga uzi kwenye sindano. Alikuwa akituonyesha anavyoulowesha uzi kwa mate, anausokota baina ya kidole gumba na cha shahada, anafumba jicho la kushoto. Mpaka uzeeni alitunga vile vile, na jicho ni lile lile.

#11 BintiMakadara
Basi mtoto wa kutunga sindano hapungui miaka mitano. Vita viliisha 1945, na Kilindini ilipata shughuli zaidi kuanzia 1942. Kwangu mimi ni kati ya 1935 na 1938. Nimefunga hesabu.

#12 MwalimuWaHesabu
Usifunge bado. Tazameni ile Ramadhani ya baridi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, kwa hivyo Ramadhani huzunguka majira yote kwa takriban miaka 33. Ramadhani ya 1366 iliingia Julai 1947, kusi limepamba, baridi na manyunyu. Miaka miwili mitatu kabla ilikuwa Agosti, na baada yake Juni. Kwa hivyo alianza kufunga kati ya 1944 na 1950 hivi. Mtoto akianza na miaka tisa au kumi, basi ni 1934 mpaka 1941.

Na jambo jingine watu hulisahau. Ikiwa "kumi na sita" yake ni ya kuhesabu kwa Ramadhani alizoziona, basi si kumi na sita ya kalenda ya ukutani, ni kumi na tano na nusu. Mzee wa miaka 90 kwa hesabu ya mwezi ana 87 na kidogo kwa hesabu ya jua. Huenda ami na shangazi wanagombana na kumbe kila mmoja ameshika kalenda yake.

#13 MamaWaMajengo
Mwalimu, hesabu yako nzuri lakini hujalea mtoto wa kike. Zamani tulianza na saumu ya nusu siku, adhuhuri unapewa uji nyuma ya mlango, na ukiulizwa wajibu umefunga. "Ramadhani ya kwanza" ya mwanamke mzima ni ile aliyofunga baada ya kuvunja ungo, ikawa ni lazima. Hapo ana miaka kumi na miwili au zaidi. Rudisha hesabu yako nyuma basi, utafika 1932 ya karani.

Hata chuo nacho. Msichana akishakuwa mwari alitolewa chuoni akatawishwa, hatoki ila kwa buibui na kwa ruhusa. Sheikh Al-Amin alifariki 1947. Ikiwa bado alikuwa akienda chuoni, alikuwa hajawa mwari. Kwa hivyo hadithi zake mbili zavutana.

#14 MtuWaIlala
Wakuu, sisi wa Dar tunasoma kwa heshima, ila posti kumi na tatu zimepita na sijaambiwa huyu bibi alikuwa mtu wa namna gani. Alipika nini? Aligombana na nani?

#15 MjukuuWaKibokoni
@MtuWaIlala sawa, na nyinyi wa Dar mtasikia vizuri.

Babu alikuwa kuli wa bandarini. Aliumia mgongo na kazi ikaisha, watoto wadogo. Bibi akaanza kuuza mahamri na mbaazi za nazi barazani. Unga aliukanda baada ya Isha, tui zito, iliki ya kuponda mwenyewe kwa sababu ile ya dukani alisema imekufa. Beseni akalifunika kwa leso mbili na blanketi, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukimbia karibu yake. Kabla ya Alfajiri karai liko juu ya makaa. Alikata kipande cha unga kidogo kama ukucha, akakitia kwenye mafuta. Kikizama na kukaa, angoja. Kikizama na kuruka juu mara moja, aanza. Kile kipande cha kujaribia alipewa mtoto aliyeamka mwenyewe bila kuamshwa, ndiyo maana babangu mpaka leo hahitaji saa.

Mchana alishona kofia. Wateja wake wa mahamri walikopa, na madeni aliyaandika kwenye daftari kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kwa sababu ndizo alizosoma chuoni. Wadeni waliokwenda skuli za serikali hawakuweza kulisoma daftari lao wenyewe. Ukibisha, akusomea kwa sauti barazani, watu wapita wasikia.

Ugomvi? Na jirani mmoja, miaka mingi, kwa ajili ya maji ya mvua ya mfereji wa paa. Walisalimiana kila siku na hawakusameheana. Jirani alipougua, bibi ndiye aliyempelekea uji. Akarudi akasema, "Na mfereji ni wangu."

#16 MtuWaIlala
Hapo sasa! Hii ya mfereji iingie kwenye wasifu.

#17 MjukuuWaKibokoni
Shangazi ameshaikataa. Jirani ana watoto, watakuja hitimani.

#18 KijanaWaTudor
Unga wa mahamri ya bibi ni kiasi gani kwa nazi ngapi? Mke wangu aniuliza hapa.

#19 BahariaMstaafu
@MjukuuWaKibokoni umesema babu kuli wa bandarini. Bibi hakuwahi kutaja mgomo?

#20 MjukuuWaKibokoni
Aliutaja! Alisema arusi ilisogezwa mbele kwa sababu ya mgomo, bwana arusi hakuwa na mshahara, na halua iliyokuwa imeagizwa ikaliwa na watu wa nyumbani.

#21 MsomaMagazeti
Ndiyo hiyo. Mgomo wa makuli ni Machi 1955. Arusi ikasogea, wakaoana 1956, pembe za Margaret. Yote yaingiana kama kofia na kibao chake. 1940.

#22 BahariaMstaafu
Pole pole. Mombasa imegoma 1939, imegoma Januari 1947 mji mzima ukasimama, imegoma 1955, na bandarini kulikuwa na vijimgomo vya hapa na pale ambavyo magazeti yako hayakuviandika. Arusi yaweza kuahirishwa kwa mgomo wa wiki moja wa genge moja tu.

#23 KijanaWaTudor
Ngojeni kidogo. Ikiwa waliolewa 1956, na ami ni wa 1954… au mimi ndiye nisiyejua hesabu?

#24 MwanaUnguja
😳😳 Sasa tumejua kwa nini ami ang'ang'ania miaka ya nyuma.

#25 MamaWaMajengo
Vijana chungeni ndimi zenu. Mmeambiwa kipande cha ami nacho ni 1 Januari. Nacho ni makisio. Mnamsingizia marehemu kwa kalamu ya karani? Watakeni radhi wenyewe.

#26 KaraniWaZamani
Mama amesema kweli. Usajili wa vizazi ulisambazwa nchini wilaya baada ya wilaya, haukuenea kote mpaka 1971. Mtu wa umri wa ami akija na barua ya skuli tuliandika ya skuli, na skuli nayo ilikuwa imeandika mwaka uliomfaa kuingia darasa la kwanza. Wako walioshushwa miaka mitatu minne. Hata kwa mpira wa vijana walishushwa.

Lakini kuna njia. Ndoa za Kiislamu hapa zimekuwa zikiandikishwa tangu wakati wa Mwingereza, sheria yake ya mwanzo ilikuwa ya 1906. Nendeni ofisi ya kadhi muombe nakala. Haitakupa mwaka wa kuzaliwa, ila itawaambia ni pembe za mbao au za alumini.

#27 MjukuuWaKibokoni
Cheti cha nyumbani kilipotea walipohama kutoka Kuze. Nimeuliza kuhusu nakala, nikaambiwa nije na jina la khatibu aliyefungisha na mwaka wa ndoa. Mwaka ndio ninaoutafuta.

#28 MwanaUnguja
Hahaha, Pwani hoyee.

#29 SheikhYusufuSiye
Wadau, mie nina swali tofauti. Hitima yenyewe ina dalili gani katika dini? Badala ya kuhangaika na mwaka, mtoleeni sadaka.

#30 MamaWaMajengo
Mwanangu, fungua uzi wako. Hapa tuna msiba.

#31 BintiMakadara
Mmetazama kwenye msahafu? Kwetu babu aliandika kila mtoto kwenye kurasa za mwanzo kabla ya Fatiha, mwezi, siku, na jina la mkunga. Ndiko tulikopata ya mama mkubwa, na kipande chake kilikuwa kimekosea miaka sita.

#32 MjukuuWaKibokoni
@BintiMakadara Mungu akujaze heri. Msahafu wa babake bibi uko kwa shangazi, umefungwa kwenye leso ndani ya kopo la biskuti. Tumeufungua jana baada ya Asri, ami akiwepo. Ndani ya jalada kuna maandishi ya wino wa kahawia. Jina la bibi kamili, la babake, mwezi wa Rajabu, mwaka 1353.

Ami hakusema kitu. Aliuchukua msahafu akautazama muda mrefu, kisha akamrudishia shangazi kwa mikono miwili.

#33 MwalimuWaHesabu
Rajabu 1353 ni kama Oktoba 1934 kuingia Novemba. Sindano, alikuwa na miaka saba au minane, safi kabisa. Chuo 1947, miaka kumi na miwili, yawezekana. Ramadhani ya baridi, sawa. Pembe za 1952, miaka kumi na saba ikikaribia kumi na minane kwa hesabu ya mwezi. Hiyo tu ndiyo yapungua, na mwari gani hajipunguzii?

#34 BahariaMstaafu
Nilisema 1952.

#35 MsomaMagazeti
Ulisema 1936 pia.

#36 MjukuuWaKibokoni
Msikimbilie. Shangazi amekuja na jipya. Asema mamake alimwambia kwamba kabla yake yeye bibi palizaliwa mtoto wa kike akafariki mchanga, na bibi akapewa jina lile lile ili lisipotee. Kwa hivyo aliyeandikwa 1353 ni dada, si bibi. Nikamuuliza, mbona hakuandikwa wa pili? Akasema babake bibi alikuwa safarini, na mkewe hakuthubutu kuandika kwenye msahafu wa mumewe.

#37 MamaWaMajengo
Hilo lilikuwepo sana. Mimi mwenyewe nina jina la kakangu aliyekufa, wakaligeuza kidogo kwa sababu nilitoka wa kike. Lakini pia lilikuwepo la pili, mtoto wa mwisho kumpunguzia mamake miaka. Shangazi ni kitinda mimba?

#38 MjukuuWaKibokoni
Ndiye. 😅

#39 BintiMakadara
Kwenye kurasa hizo hakuna kifo cha huyo mtoto wa kwanza? Kwetu waliokufa waliandikwa chini, na neno marhumu.

#40 MjukuuWaKibokoni
Chini pameliwa na mchwa. Patupu.

#41 KijanaWaTudor
Mimi naona uandike tu "alizaliwa katika miaka ya 1930" kila mtu apate chake. Na kile kiasi cha nazi bado nangoja.

#42 MtuWaIlala
Hapana, hiyo ni ya wanasiasa. Weka habari ya msahafu yote, 1353, dada, kopo la biskuti, na mchwa. Wajukuu wa Kanada wasome wagombane na wao.

#43 MjukuuWaKibokoni
@KijanaWaTudor nazi mbili kubwa kwa kilo ya unga, tui la kwanza tu, maji usitie. Iliki kwa mkono wako. Nikiuliza hamira kiasi gani alikuwa akinijibu "ya kutosha", kwa hivyo hapo uko peke yako.

Hitima ni Alkhamisi inayokuja, karatasi lazima iende kuchapishwa kesho. Ami amesikia kwamba kuna uzi, ametaka simu yangu.

#44 AmiMkubwa
NIMESOMA YOTE. HERUFI KUBWA NI ZA SIMU SI HASIRA. MAMANGU ALIPITISHWA DARAJA LA NYALI LA KUELEA LILIPOKUWA JIPYA, MBAO ZANUKA LAMI, AKIWA MABEGANI MWA BABAKE, NA AKAMUONA MTU AKITOZWA USHURU. ALINIAMBIA YEYE MWENYEWE. WALA SIKUZALIWA JANUARI, NILIZALIWA MWEZI WA MFUNGO TATU. KIJANA WA TUDOR NIMEKUONA.

#45 MsomaMagazeti
Shikamoo ami. Daraja la kuelea lilifunguliwa 1931, likadumu mpaka la sasa la 1980. Ikiwa lilikuwa jipya na yeye yuko mabegani, basi hata 1932 ya karani imechelewa.

#46 KijanaWaTudor
Shikamoo ami, nisamehe. Lakini kwa msahafu wa 1353 alipita darajani miaka mitatu kabla ya kuzaliwa.

#47 AmiMkubwa
MARHABA. LAMI ILITIWA KILA MWAKA. ALKHAMISI NJOO ULE BIRIANI UACHE HESABU.